Rosa Aliyeigiza Majini

Hedwiga alikuwa na miaka ishirini na minne mume wake aliporudisha nguo zake kwao Matiri. Zilikuja kwenye mfuko wa sandarusi, zimeletwa na shemeji, pamoja na salamu kwamba miaka mitano bila mtoto inatosha. Mama yake aliupokea ule mfuko, akauweka nyuma ya mlango. Kahawa ya mwaka ule ilipokwisha kuvunwa, baba yake alimpeleka Mbinga mjini kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Mama Devotha, akajifunze kazi.

Kibanda cha Mama Devotha kilipakana na banda la video. Ukuta katikati ulikuwa wa mabanzi, na kupitia mabanzi hayo Hedwiga alizisikia filamu nyingi kabla hajaiona hata moja. Alisikia risasi, vicheko, na watazamaji wakimwonya mtu wa kwenye filamu: "Geuka nyuma! Geuka wewe!" Lakini kulikuwa na filamu moja ambayo ikifika mahali fulani, banda zima lilinyamaza. Siku tatu mfululizo aliusikia ukimya huo. Siku ya nne aliomba ruhusa, akaenda kuona ni kitu gani kilichokuwa kinawanyamazisha wanaume wote wale.

Ilikuwa filamu ya majini, ya kutengenezwa Dar es Salaam kwa vifaa vya kuungaunga. Moshi wa jini ulikuwa wa matambara yanayoungua. Ukitazama vizuri uliiona ndoo. Wekundu wa macho ulipakwa kwa kompyuta, na mara nyingine jicho lilihama, wekundu ukabaki shavuni. Watu walicheka sana hapo. Kisha akaingia mwanamke aliyejiita Yakuti, amevaa gauni jeupe la harusi lenye mkia mrefu, na kicheko kikakatika.

Katika hadithi ile Yakuti alikuwa jini aliyeolewa na tajiri. Tajiri alimchoka, akataka kumrudisha kwao ili aoe mwingine. Mwanamke mwingine angepiga magoti. Yakuti hakupiga. Alikaa mbele ya kioo akavua hereni moja, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, kisha akavua ya pili. Jicho lake la kushoto likadondosha chozi moja, uso wenyewe haukutikisika. Halafu akainuka akamfuata mume chumbani, bila haraka yoyote.

Hedwiga alirudi kwenye cherehani yake akashindwa kutunga uzi. Alikuwa amemwona, kwa mara ya kwanza maishani, mwanamke anayerudishwa kwao ambaye haombi msamaha.

Tangu siku hiyo hakukosa filamu ya Yakuti. Alimwona akiwa mchawi mwenye duka la manukato, akawa maiti aliyetoka kaburini kudai mwanawe, akawa nyoka aliyejigeuza mwalimu wa kwaya. Filamu zote zilikuwa za namna moja na Yakuti alikufa katika kila moja, mara kwa maji ya baraka, mara kwa moto. Watazamaji wenzake walimpenda binti mwema anayeokolewa mwishoni. Hedwiga alimpenda huyu anayeuawa. Alipenda alivyogeuza shingo kwanza, macho yakafuata. Alipenda kwamba hakuwahi kukimbia hata akifukuzwa na kijiji kizima. Alipojifunza kukata magauni, alikata kama yale ya Yakuti: bega lililosimama, kiuno kilichobana, mgongo ulionyooka hata kama aliyeyavaa alikuwa amechoka. Wanawake wa Mbinga waliyapenda. Walisema ukivaa nguo ya Hedwiga unajikuta umenyanyua kidevu.

Halafu biashara ya CD ikafa. Banda la video likageuzwa ghala la mahindi. Yakuti hakuonekana tena, wala hakuna aliyemtafuta. Mama Devotha alizeeka akamwachia Hedwiga kibanda. Hedwiga alikuwa amezihamishia filamu nne zilizopona kwenye kadi ya simu yake, na mara mojamoja, kazi ikipungua, alizitazama akiwa peke yake.

Miaka kumi na mitano ilipita hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, aliingia kibandani mwanamke asiyemjua. Alijitambulisha kuwa anaitwa Tadea, ametoka Lipingo, kule ziwani. Alikuwa na gauni jeupe ndani ya kitenge.

"Fundi, nataka unikatie humu nguo mbili za komunyo ya kwanza. Nina mabinti wawili, pacha. Wamesema hapa mjini wewe ndiye unayejua kukata vizuri. Ila ukwepe hapa kwenye mkono, kuna doa jekundu. Nimelifua kwa kila sabuni, halitoki."

Hedwiga alilikunjua juu ya meza. Aliona mkia mrefu. Aliona doa kwenye mkono wa kushoto, limeenda mpaka kwenye kiwiko, rangi yake imefifia ikawa ya udongo. Alilijua doa lile. Alijua damu ya bandia ilivyorukia pale na lini katika hadithi, na nani alikuwa anakufa.

"Hili gauni umelitoa wapi?" aliuliza, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

"La wifi yangu. Dada wa mume wangu, anaitwa Rosa. Alirudi nyumbani mwaka wa nne sasa, kapatwa na kiharusi." Tadea alipunguza sauti. "Alikuwa mtu wa filamu huko Dar. Zile za mashetani. Watu kwetu wanasema mengi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema likatwe."

Hedwiga alilikunja gauni upya, polepole.

"Sitalikata kabla sijamwona yeye," alisema. "Nitakuja kuwapima watoto hukohuko."

Jumamosi iliyofuata aliteremka. Gari lilishuka milima mpaka Mbamba Bay, na kutoka hapo pikipiki ikamchukua kufuata ufukwe hadi Lipingo. Kwa mtu wa Matiri joto la kule lilikuwa kama kufungua chungu kilicho jikoni. Ziwa lilikuwa limetulia, na kila nyumba ilikuwa na vichanja vya usipa, wale samaki wadogo, wakianikwa.

Nyuma ya nyumba ya Tadea, mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, fimbo mkononi, akiwafukuza kuku wasiwaguse usipa. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeshuka, jicho, shavu na mdomo, kana kwamba kuna mtu anauvuta kutoka chini. Hedwiga alisimama. Alikuwa ameandaa maneno tangu Mbinga, na sasa yote yalimpotea. Kisha kuku mmoja akasogea, na yule mwanamke akageuka: shingo kwanza, macho yakafuata.

"Shikamoo, dada," Hedwiga akasema.

"Marahaba." Maneno yalitoka kwa shida, moja baada ya jingine. "Wewe ndiye fundi asiyetaka kukata nguo."

"Ndiye mimi."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mwaka jana walikuja wawili na simu zao. Walisema wanataka kunisaidia. Wiki iliyofuata, mdogo wangu Othmar alioneshwa picha yangu gulioni. Wameandika kwamba majini niliyokuwa nayacheza yamenipooza."

Hedwiga aliitoa simu yake, akaizima, akaiweka ndani ya kikapu na kukisogeza kikapu mbali. Akaketi mchangani.

"Naomba nikuambie kwa nini nimekuja," alisema. Akamweleza habari za mfuko wa sandarusi, na ukuta wa mabanzi, na ukimya aliousikia siku tatu. Rosa alimsikiliza bila kumkatiza. Mara moja alipiga fimbo chini, kuku wakatawanyika.

"Kwa hiyo ulipenda uzuri wangu," Rosa alisema mwishowe. "Wote walipenda hicho."

"Uzuri pia," Hedwiga alijibu, maana hakutaka kudanganya. "Ulikuwa mzuri mpaka mtu anaona haya kukutazama. Lakini wazuri walikuwa wengi mle. Wenzako walikuwa wanajua kwamba wanatazamwa. Wewe ulikuwa kama mtu aliyeko chumbani kwake. Pale ulipovua hereni, ukaziweka vile taratibu, nilisema moyoni huyu anajua kuagana na kitu."

Rosa alicheka kwa nusu ya mdomo.

"Zile hereni nilikuwa nimeazima kwa mama mwenye nyumba. Alikuwa amesimama nyuma ya kamera, kakunja mikono. Alisema zikiingia rangi ya damu hatutaelewana. Ndiyo maana nikazivua. Kwenye maandishi hazikuwemo. Prodyuza alifoka, dairekta akamwambia aniache niendelee."

Miaka yote ile Hedwiga alikuwa amezitazama zile hereni kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Aliona aibu kidogo, kisha akauliza, kwa sababu asingeweza kuondoka bila kuuliza, "Na chozi?"

Rosa aligeukia ziwani.

"Chozi lilikuwa langu," alisema. "Asubuhi ile nilipigiwa simu kwamba baba amefariki. Hapa, kwenye nyumba hii. Prodyuza akaniambia, ukienda tunamchukua mwingine. Walikuwa wamebakiza siku mbili tu kumaliza. Othmar aliniuliza kwa nini sikuja kumzika baba, nikamwambia nilikosa nauli. Sikukosa nauli, fundi. Nauli nilikuwa nayo kwenye pochi. Nilibaki kwa sababu niliitaka ile filamu. Nilikuwa nimecheza takataka miaka mingi, na ile nilijua ni nzuri. Nilijua kabisa."

"Ilikuwa nzuri," Hedwiga alisema.

"Baba alizikwa bila mimi." Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, aliyafuta kwa kitambaa. "Othmar hajaniita dada tangu siku ile. Amenipokea, ananilisha, mkewe ananiogesha. Lakini haniiti. Nawe usimwambie haya. Ataona najitetea, na mimi sijitetei."

Hedwiga aliahidi. Kisha akalitaja gauni, akaomba lisikatwe, atawashonea watoto kwa kitambaa kingine.

"Likate," Rosa alisema. "Nimekaa nalo sandukuni miaka yote hii, limenifaa nini?"

"Limenifaa mimi."

"Lililokufaa wewe lilikuwa kwenye filamu, na bado liko huko. Hiki ni kitambaa. Wakatie watoto wavae." Akainua fimbo, akamwonesha mlango. "Nenda kawapime."

Aliwapima wale mabinti, akala ugali wa muhogo na samaki mezani kwa Tadea, na saa tisa alasiri akaaga. Othmar, mume wa Tadea, alikuwa amerudi kutoka kutengeneza nyavu. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti. Alimsindikiza mgeni mpaka njia panda ya pikipiki kama desturi, akambebea kikapu. Njiani yeye ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Tadea anasema wewe ulikuwa unampenda sana kwenye filamu."

"Sana, kaka."

"Mimi sijawahi kuona hata moja. Niliapa." Alihamisha kikapu mkono wa pili. "Siku tunamzika baba, padre aliuliza kama watoto wote wapo, nikasema mmoja yuko njiani. Tulichelewesha jeneza mpaka jua likawaunguza wazee. Baadaye nikaja kusikia kwamba siku hiyohiyo alikuwa kwenye filamu ya majini. Nauli alikosa, lakini mapambo ya harusi alipata. Ninyi mlikuwa mnapiga makofi huko Mbinga, fundi. Sisi tulikuwa tunafukia."

Hedwiga alikuwa ameahidi kutosema. Alijua pia kwamba kile alichokuwa nacho ndani ya kikapu hakuna mwingine aliyekuwa nacho, labda Tanzania nzima. Alimwomba wasimame.

"Kaka Othmar, kuna jambo dada yako ameniomba nisiseme, na sitalisema. Lakini filamu ya siku zile unazozitaja, mimi ninayo. Ukitaka kuiona, nitakuonesha. Usipotaka, tutaendelea na safari."

Othmar aliweka kikapu chini. Hedwiga aliitoa simu, akaiwasha, akaitafuta ile filamu na mahali pale, polepole, maana alianza kujiuliza kama si usaliti uleule kwa njia nyingine. Othmar alivua kofia yake akakikinga nayo kioo kisipigwe na jua, akainama.

Alimwona dada yake akiwa na miaka thelathini na mitatu, mabega yamenyooka, mng'ao wa taa usoni, mzuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka Lipingo. Alimwona akivua hereni ya kwanza, ya pili. Chozi likashuka. Hedwiga alisimamisha hapo, kabla ya damu.

Pikipiki ilipita, ikapiga honi, haikusimamishwa.

"Rudisha," Othmar alisema.

Akatazama tena. Mara ya tatu hakuomba. Hedwiga alirudisha mwenyewe.

"Mama yetu alikuwa analia hivyo," Othmar alisema. "Hakunji uso. Watu wa msibani wakawa wanasema mama yetu Walburga hana uchungu na mume wake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikaona." Akavaa kofia. Akaivua tena, akashika ukingo wake. "Alikuwa anajua? Wakati huu, alikuwa ameshajua?"

"Sijasema kitu, kaka."

"Hujasema," alikubali.

Aliita pikipiki, akapakia kikapu, akamtakia safari njema. Hedwiga alipanda milima kurudi kwenye baridi ya Mbinga bila kujua kama ametenda wema au ameivuruga nyumba ya watu. Wiki tatu alikata na kushona. Lile gauni lilitoa nguo mbili nzuri, na mabaki. Kila alipolitia mkasi alipumua kwa nguvu kwanza. Tadea alipiga simu mara moja, akauliza habari za vifungo tu, na Hedwiga hakuthubutu kuuliza lolote.

Jumapili ya komunyo alizipeleka nguo mwenyewe. Wale mabinti walivaa, wakanyanyua videvu, wakatembea kwenda kanisani wakiwa wamenyooka hata majirani wakatoka kuwatazama. Rosa hakwenda, hakuwa akienda mahali popote penye watu. Baada ya misa kulikuwa na pilau, wageni, ngoma kidogo, na watoto kupigwa picha. Wageni walimsalimu Rosa kwa mbali. Hedwiga alikaa naye, wakala kutoka sahani moja.

Watu walipopungua, Othmar alitokea nyuma ya nyumba akiwa na jembe. Alikuwa bado amevaa shati la misa. Alisimama mbele ya kile kiti cha plastiki, akaangalia jembe, akaangalia chini.

"Dada," alisema. "Majani yameota sana kwa baba. Twende."

Rosa hakuelewa, au aliogopa kuelewa. "Kule ni mlima," alisema. "Miguu yangu unaijua."

Othmar alimpa Hedwiga jembe alishike, akageuka, akachuchumaa, akampa dada yake mgongo. Tadea aliwahi, wakamwinua wawili, wakamweka. Alikuwa mwepesi. Othmar akasimama, akachukua jembe lake, akaanza kupanda njia ya makaburini, naye Rosa amemshika shingoni kwa mkono mmoja mzima. Majirani waliokuwa wanaosha vyombo wakaacha. Mzee mmoja aliyezoea kuvuka upande wa pili wa njia akimwona Rosa kwenye kiti chake alitoka kando kuwapisha, kisha akachukua kile kiti cha plastiki, akawafuata nacho bila kuambiwa.

Hedwiga na Tadea walibaki kwenye masufuria. Kutoka pale waliwaona vizuri. Walimwona Rosa amekalishwa, na Othmar akilima majani kuzunguka kaburi, na mzee yule akirudi peke yake. Othmar alipomaliza alipiga magoti. Ilionekana kwamba Rosa ndiye aliyeanzisha sala, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kinatikisika kwa kila neno, namna alivyotikisika alipohangaika kusema. Alikwama. Othmar alimsubiri, hakumalizia kwa niaba yake. Akaendelea, akakwama tena, akasubiriwa tena.

"Nimeolewa humu miaka kumi na minne," Tadea alisema, akisugua sufuria ileile aliyokwisha kuisugua. "Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia anamwita dada."

Othmar na Rosa walikaa huko mpaka jua likaelekea upande wa Malawi, ng'ambo ya ziwa. Waliporudi, shati la Othmar lilikuwa limeloa mgongoni, na hakuna aliyesimulia walichozungumza. Rosa aliomba maji. Alikunywa kikombe kizima, mengine yakimmwagikia kifuani, kisha akaomba kingine.